Mpunga Ambao Sikuuza

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi ya Jumanne, nikiwa nampimia mteja maharage. Ulisema taarifa za mauzo yangu hazilingani na taarifa za mnunuzi, nifike ofisi ya kodi nikiwa na vielelezo. Nilimaliza kupima, nikapokea hela, nikatoa risiti, nikausoma tena. Halafu nikaufuta.

Niliufuta kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimepata ujumbe mwingine uliosema mjomba wangu amelazwa, hali yake mbaya, nitume hela haraka kwa namba iliyoandikwa pale. Mjomba huyo nilikuwa nimemzika miezi minne kabla. Tangu siku hiyo simu yangu naitazama kama mbwa wa jirani: anaweza kuwa mpole, lakini mkono simpi.

Siku ya tatu watu wa kodi wakapiga. Sauti ya kijana, taratibu, akataja jina langu lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, akataja na duka. Akaniomba nifike Ijumaa saa nne. Nilimuuliza anataka nije na shilingi ngapi. Akasema, "Njoo na daftari lako la mauzo tu, mama."

Hilo jibu ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu anayetaka hela unajua namna ya kuongea naye.

Duka langu ni la nafaka, mjini Bukoba, mlango mmoja, rafu mbili na mizani. Nauza mchele, maharage, unga, na dagaa wa ziwani. Kwa miaka mingi kodi kwangu lilikuwa jambo la mara chache kwa mwaka. Afisa alikuja, akaangalia rafu, akahesabu viroba kwa macho, akakadiria. Mlibishana kidogo, mkakubaliana, ukaenda benki kulipa, ukarudi dukani ukiwa umekasirika lakini umemaliza.

Kisha mambo yakabadilika. Kwanza ikaja mashine ya risiti, ambayo niliinunua kwa uchungu. Baadaye tukaambiwa kila mwezi tutume taarifa kwa mtandao, na humo uandike umeuza nini, umenunua nini, na namba ya mlipakodi ya kila mtu aliyekuuzia. Ukinunua kwa mtu asiye na namba, mfumo hauhesabu kwamba umenunua. Unaonekana umeuza vitu ulivyookota, na vyote vinakuwa faida.

Sikujua mpaka hapo kwamba nusu ya watu ninaofanya nao biashara hawana namba. Dagaa nilikuwa nawapata kwa mama mmoja anayewatoa kambi ya wavuvi kisiwani Goziba na kuvuka nao kwa boti. Miaka saba tulikuwa tunaaminiana, ananikopesha, nami namkopesha. Nilipomwomba namba yake alinitazama kama nimemwomba cheti cha ndoa.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kuandika kwamba nimenunua kwako."

"Na wao wakishajua umenunua kwangu, watafanya nini?"

Alinipimia dagaa wa siku hiyo, akachukua hela yake, na mwezi uliofuata dagaa wake niliwaona kwenye duka la mtu mwingine, ng'ambo ya barabara. Tukikutana tunasalimiana vizuri. Dagaa ndio hanipi tena.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilipokwenda ofisini nilikuwa nimeshajifunza kuogopa namba, yangu na za watu wengine.

Yule kijana aliyenipigia alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimepata shida njiani. Kutoka kwangu Kibeta mpaka pale si mbali, na alijua hivyo, lakini aliuliza. Nikawa najiambia ngoja, sasa hivi ataanza. Akageuza kioo cha kompyuta nikione.

"Huyu ni wewe?" akaniuliza, akionyesha namba juu.

Nikamwambia ndiyo.

"Katika miezi mitatu hii umemuuzia mfanyabiashara mmoja mpunga mara kumi na nne. Yeye ametuma taarifa zake, amekutaja. Wewe kwenye taarifa zako hukuandika hata mara moja."

"Mimi siuzi mpunga," nikasema. "Nauza mchele. Nao naununua umeshakobolewa."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Huyo mfanyabiashara ni nani?"

"Siruhusiwi kukupa taarifa zake. Nitakwambia tu kwamba yuko wilaya ya Muleba."

Nilisoma tarakimu zile kwenye kioo. Mpunga ule ulikuwa mwingi kuliko vitu vyote nilivyouza dukani kwa muda huo. Akanieleza kwamba kama sikubaliani niandike pingamizi ndani ya mwezi mmoja na nilete ushahidi. Nikamuuliza mtu anathibitishaje kwamba hakuuza kitu. Alikuna kidevu. "Tafuta aliyeuza," akasema.

Nilitoka pale nikiwa na swali moja tu kichwani: nani amechukua namba yangu? Na sikufika hata kwenye ngazi kabla sijapata jibu.

Jirani yangu wa dukani ni mwanamke wa mjini hapahapa, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na kuoa huku. Anauza vyombo: masufuria, chupa za chai, mabeseni. Alinitangulia miaka mitatu kwenye hiyo biashara, na alinitangulia kwenye mashine ya risiti pia. Ndiye aliyenifundisha kuiwasha, ndiye aliyenionyesha kutuma taarifa za mwezi kwa simu, maana mimi kila nikijaribu nilikuwa nafungiwa na mfumo. Nilipoenda kumzika mjomba, tarehe za kutuma zilikuwa zimefika. Nilimwachia karatasi yenye namba yangu na neno langu la siri. Alinitumia taarifa, na niliporudi akanirudishia karatasi ikiwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja.

Sasa nikaanza kuikumbuka karatasi ile. Alikaa nayo siku tano. Nikakumbuka kwamba tangu wakati huo ameongeza mali, amepanga mabeseni ya chuma mpaka nje ya mlango. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita nilipoingia dukani kwake aliweka simu chini haraka, kioo kikitazama meza. Dada yake ameolewa Muleba. Hilo nalo nililikumbuka, ingawa nilikuwa nalijua siku zote na halijawahi kunisumbua.

Kwa wiki nzima nilimchunguza. Nilikuwa nafungua duka mapema ili nione nani anaingia kwake kwanza. Magari yakishusha mzigo nilitoka na ufagio, nikafagia mahali palipokuwa safi. Aliponiletea uji kwenye chupa kama alivyozoea, nilimwambia nimeshakunywa. Siku ya pili yake hakuleta.

Jumatano jioni, wakati wa kufunga, nilimfuata.

"Dada," nikamwambia, "ile karatasi yangu, kuna mtu mwingine aliiona?"

"Karatasi gani?"

"Ile ya namba. Niliyokuachia wakati wa msiba."

Alikuwa anaingiza mabeseni ndani. Akaliweka moja chini. "Kuna nini?"

Nikamwambia kuna mpunga umeuzwa kwa jina langu huko Muleba. Nikamwambia mara kumi na nne. Nikamwambia kwamba sijawahi kumpa mtu mwingine namba yangu ila yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unaniuliza au unaniambia?"

Ningeweza kusema nauliza. Nafasi ilikuwepo, nimeifikiria mara nyingi. Lakini sikuitumia, na yeye akaelewa.

Tulikuwa tumebadilishana funguo za akiba za maduka, kwa ajili ya dharura. Aliingia ndani, akarudi na ufunguo wangu, akavuka mpaka dukani kwangu na kuuweka juu ya mizani. Hakuniomba wake. Nilimpelekea mwenyewe asubuhi, akaupokea akasema ahsante.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku hizi anashinda nyumbani na migomba michache tuliyo nayo nyuma ya nyumba. Jioni ile ya Jumatano nilimsimulia, nikitegemea aseme nimefanya vizuri. Aliendelea kumenya ndizi. Baadaye akasema, "Huyo ndiye aliyelala na wewe hospitali ulipopasuliwa. Mimi nilikuwa kwenye usimamizi wa mitihani."

"Najua."

"Mpunga," akasema. "Siyo mchele. Nani hapa mjini anauza mpunga?"

"Hakuna."

"Basi anza na mpunga. Usianze na mtu. Wilaya ya Muleba mpunga unalimwa wapi?"

Unalimwa sehemu kadhaa, lakini ukimuuliza mtu yeyote hapa atakutajia Kimwani kwanza. Kimwani ndiko nilikozaliwa. Mama yangu yuko huko mpaka leo.

Sitaki kujifanya kwamba nilielewa papo hapo. Nilichofikiria ni kwamba jirani yangu ana mkono wake huko. Nilipanda gari asubuhi ya Jumamosi nikiwa na nia ya kumkamata.

Mama nilimkuta uani anageuza mpunga juu ya turubai kwa miguu, taratibu, mistari kwa mistari. Aliponiona aliniita kwa furaha, "Kaboneka, mwana wange," kwa namna tunavyomsalimu mtu aliyepotea muda mrefu. Akanifutia kigoda kwa kanga. Nilimkabidhi sukari na mafuta ya taa. Aliuliza habari za mume wangu, za wanangu, za mguu wangu uliopasuliwa. Mimi nilikuwa natazama turubai.

"Mama, mpunga huu mnamuuzia nani siku hizi?"

"Kuna mnunuzi amefungua mashine ya kukoboa pale njia panda. Mtu mzuri. Analipa palepale."

"Anaandika?"

"Anaandika sana. Ana kitabu na simu kubwa. Msimu huu alisema serikali inataka kila anayeuza awe na namba. Asiye na namba anamkata kwenye kila gunia, kwa sababu eti hasara ni yake."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Mama yangu alitabasamu. Naiona mpaka sasa sura ile. Ilikuwa sura ya mtu aliyetunza kitu kizuri kukuonyesha.

"Nilimwambia mtoto wangu ana namba."

Aliingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sala. Katikati ya kurasa alikuwa ameweka risiti ya duka langu. Nilikuwa nimemtumia mizigo ya Krismasi, na kwa kuwa njiani mizigo husimamishwa na kuulizwa risiti, niliitoa kwenye mashine kama vile nimeuza. Juu kabisa, chini ya jina la duka, ilikuwepo namba yangu ya mlipakodi. Wino ulishaanza kufifia. Mama alikuwa ameupitia kwa kalamu, tarakimu kwa tarakimu, ili isipotee.

Nilikaa. Nilimuuliza kwa sauti ndogo ameitumia mara ngapi.

"Mimi mara mbili. Mpunga wangu wenyewe si mwingi."

"Na nyingine?"

"Nyingine ni za wenzangu. Wa pale nyuma, yule mjane. Katekista. Yule aliyetupa mbegu mwaka ule wa mafuriko. Walikuwa wanakatwa hela zao, mwana wange. Nikimpa mmoja, nimnyime mwingine kwa sababu gani?"

"Mama, unajua hiyo namba ni ya nini?"

"Ni ya kukutambua. Kama ya simu. Nikimpa mtu namba yako ya simu, wewe unapungukiwa nini?"

Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Nilimweleza kwamba kila gunia lililopita kwenye namba ile, mimi ndiye niliyeliuza machoni pa serikali, na mimi ndiye wa kulilipia. Nilimweleza mara mbili, mara ya pili kwa Kihaya. Aliendelea kushika kitabu cha sala na risiti ikiwa imechungulia pembeni. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Wamekupiga?"

Nikamwambia hapana, hawapigi mtu.

"Basi tutasema ukweli," akasema, na akarudi kugeuza mpunga wake, lakini miguu yake ilikuwa inakwenda ovyo, mistari haikunyooka tena.

Tulikaa jioni hiyo tukiandika. Mama anakumbuka kila mtu na kila gunia. Tulipata mauzo kumi na moja, ya watu wanane pamoja na yeye. Kwenye kompyuta nilionyeshwa kumi na nne. Nilimuuliza tena mara tatu, akakasirika. "Nimekwambia kumi na moja."

Asubuhi, baada ya misa, nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa. Mnunuzi alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa kofia, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi. Nilijitambulisha kwa namba. Ndiyo, nilimsomea namba yangu, nikaona macho yake yanavyohama.

"Ahaa," akasema. "Mama wa mjini."

"Uliandika namba yangu kwa watu wanane."

"Niliambiwa niandike namba ya muuzaji. Walinipa namba. Sikuambiwa niulize ni ya nani."

"Watu wanane tofauti, namba moja."

"Huku watu ni ndugu," akasema.

Nikamuuliza kuhusu yale mauzo matatu yaliyozidi. Akasema labda mama yangu amesahau, wazee wanasahau. Nikamwomba kitabu chake. Akasema kitabu kiko kwa mtu anayemtengenezea hesabu, Muleba mjini. Juu ya gunia nyuma yake palikuwa na kitabu kikubwa kimefunguliwa, kalamu imelala katikati. Nilikitazama, naye akajua nimekitazama. Akakikalia, bila haraka, kama mtu aliyechoka kusimama.

Sina ushahidi. Nasema nilichokiona.

Kilichobaki ilikuwa ni majirani wakubali kwamba mpunga ulikuwa wao. Mtendaji wa kijiji alinisaidia kuandika barua, kila mmoja na yake, mistari mitano: mimi fulani, mkulima wa hapa, nimeuza magunia kadhaa ya shamba langu, namba niliyotumia si yangu. Mchana huohuo mama aliwaita wote uani kwake. Walikuja, wakapewa ndizi na maharage, wakala vizuri. Nilipotoa karatasi, mazungumzo yakaisha.

Mjane wa nyuma ndiye aliyesema kwanza. "Nikiweka sahihi hapa, wao watajua mimi ni nani."

"Watajua umeuza magunia mawili," nikasema. "Wewe ni mkulima. Hakuna anayekutafuta kwa magunia mawili."

"Nani amesema?"

"Afisa."

"Umemwamini?"

Sikuwa nimemwamini.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mgomba akaniuliza bila ukali, "Wewe una duka mjini. Una mashine. Kwa nini usilipe tu? Sisi wakishatuandika, kesho watakuja kuhesabu mbuzi."

Nilimtazama na nikajua vizuri sana sauti ile. Ilikuwa yangu, siku niliyouliza nije na shilingi ngapi. Kwao mimi nilikuwa nimekaa upande ule wa meza, nimevaa viatu vya kufunika, nimeshika karatasi, naongea kwa upole. Upole wangu haukuwasaidia kitu. Huenda ndio uliowatisha.

Mama alichukua kalamu. Alisoma hadi darasa la nne, na jina lake huliandika kwa kusimama kwenye kila herufi. Wote tulimsubiri. Alipomaliza alisukuma karatasi kwa katekista bila kumwambia neno, na katekista, ambaye asingeweza kukataa mbele yake, akaandika. Kisha mjane. Kisha wawili wengine waliotazamana kwanza. Watatu hawakuandika. Mzee wa mgombani aliaga kwa heshima, akashukuru chakula, akaondoka.

Usiku mama hakutaka niseme lolote juu ya hao watatu. "Wana watoto," akasema tu.

Jumanne nilirudi ofisini na barua tano. Kijana wa shati jeupe alizisoma zote, polepole, moja baada ya nyingine. Ya mama aliisoma mara mbili. Nilikuwa nimekaa wima, nasubiri pale ambapo angevuta droo au angesema mambo haya yana ugumu wake. Alichukua nakala, akagonga muhuri, akasema mauzo ya hao watano yataondolewa kwangu. Yaliyokosa barua, pamoja na yale matatu yasiyojulikana, yatabaki mpaka yachunguzwe, na nikitaka nilipe kwa awamu wakati nasubiri. Akanieleza pia kwamba mkulima mdogo anaweza kuchukua namba yake mwenyewe bila kulipa chochote, na kwamba angefurahi kama wa Kimwani wangesikia hivyo kutoka kwa mtu wao.

"Watasikia," nikasema. "Kuamini ni jambo lingine."

Nilipokuwa nasimama akaniuliza, "Mama, mchele wa Kimwani kwako ni bei gani?"

Nikajiambia hiki hapa, ndicho nilichokuwa nakisubiri tangu siku ya kwanza. Nikamtajia bei ya dukani, ileile ya kila mtu, nikatazama ukuta.

Jumamosi alikuja kweli, amevaa fulana na kandambili. Alinunua kilo mbili. Alilipa yote, hakuomba nimpunguzie. Nikampa mfuko. Hakuondoka, alibaki amesimama pale kaunta.

"Risiti," akasema.

Nikabonyeza mashine. Hadi leo sijui kama alikuja kununua mchele au kunipima. Nimemwona mara mbili tena tangu hapo, ananunua, anadai risiti, anaondoka. Mume wangu anasema kijana anapenda wali. Huenda.

Kwa jirani yangu nilikwenda jioni ya Jumanne ileile niliyotoka ofisini. Nilisubiri mteja wake atoke. Nilimwambia kila kitu, risiti ya Krismasi, kitabu cha sala, mauzo kumi na moja. Nilimwambia nilikosea, na kwamba nilikosea kwa makusudi, kwa sababu nilitaka awe yeye ili mambo yaishe haraka. Alikuwa anafuta sufuria kwa kitambaa, ndani na nje, ndani na nje.

"Nimekusikia," akasema.

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe. Ila kuanzia sasa taarifa zako tuma mwenyewe."

Ndivyo ninavyofanya. Mwisho wa kila mwezi nakaa na miwani na simu, nakosea, nafungiwa, naanza upya. Tunaongea naye. Akipata msiba nakwenda, akisafiri naangalia mlango wake kwa mbali. Uji haujarudi, na sina haki ya kuuulizia.

Msimu uliofuata niliamua mchele wa duka niununue kwa mama, nimlipe bei nzuri, na majirani zake wakitaka niwachukulie. Yeye alikuwa tayari amekwenda na mtendaji Muleba mjini, amepata namba yake mwenyewe. Katekista naye amepata. Nilimpigia simu nikiwa na taarifa ya mwezi mbele yangu.

"Mama, nisomee ile namba yako. Nataka kuandika kwamba nimenunua kwako."

Nilidhani mtandao umekatika. Nilisikia kuku, na mtu anatwanga kwa mbali.

"Unaitakia nini?" akauliza.

"Nimekwambia. Nimenunua mchele kwako, lazima nikutaje."

"Si unaweza kuandika jina tu?"

"Jina halitoshi, mama."

Akasema nisubiri. Nilimsikia anaingia ndani, anasogeza kitu kizito, anafungua kufuli. Risiti yangu aliiweka kwenye kitabu cha sala mahali ambapo yeyote angeiona. Hii yake alikuwa ameifungia. Aliporudi kwenye simu alinisomea tarakimu mbili, akanitaka nizirudie, akanisomea nyingine mbili. Tulikwenda hivyo mpaka tatu za mwisho.

"Hizo tatu," akasema, "nitakupa ukija."